Mwaka wa Kwenda Wawili Wawili

Perpetua Adhiambo amefariki, na kikundi chetu cha WhatsApp kimeshinda tangu juzi kikibishana kuhusu rangi ya tisheti. Wengine wanataka zambarau kwa sababu ndiyo rangi ya shirika lake la wagonjwa wa saratani. Wengine wanataka nyeupe kwa sababu huko kwao ziwani jua ni kali na zambarau itawachoma. Katikati ya ubishi huo kuna watu wanaoandika sifa za marehemu, na hao ndio wananichosha zaidi. Mmoja ameandika kwamba alikuwa mama mpole. Mwingine ameandika kwamba hakuwahi kumkwaza mtu. Nimezima simu, nimeiwasha, nimeizima tena. Mimi huyo mama alinikwaza mwaka mzima, na asingenikwaza sijui leo ningekuwa nani. Kisha Kwamboka akanipigia kando ya kikundi. Tumejuana tangu mwaka huo, na bado anaongea kwa simu kana kwamba mtu wa pili yuko ng'ambo ya bonde. "Chela, wewe ndiye unajua kuandika. Andika kitu tusome pale kabla ya mazishi. Kiwe kifupi, tafadhali, wametupatia dakika mbili." Nikamwambia sawa. Nimekaa mezani tangu asubuhi, na kila nikianza kifupi najikuta nimekasirika, kwa sababu huwezi kumweleza Perpetua bila kueleza ule mwaka, na ule mwaka hauingii katika dakika mbili.

Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya, nimeajiriwa Kimulot, pale ambapo chai inakwisha na msitu wa Mau unaanza, katika nyumba ya kulelea watoto wa wachuma chai. Kuiita nyumba ni kuipamba. Ilikuwa vyumba viwili vya mabati na jiko la nje. Mama aliyekwenda kuchuma asubuhi alikuwa na njia mbili: amfunge mtoto mgongoni aingie naye katika majani yenye umande mpaka kiunoni, au amwache na dadake ambaye naye angepaswa kuwa darasani. Sisi tulikuwa njia ya tatu. Shida ni kwamba nafasi ilikuwa ndogo, kila wiki kuna kina mama waliorudishwa, na kwa kuwa meza yangu ilikuwa karibu na mlango, mimi ndiye niliyewarudisha. Wengine walimpandisha mtoto mgongoni tena, wakakaza kitambaa, wakashuka kuelekea mashambani. Cheo changu kiliitwa afisa wa kutafuta rasilimali. Nilikaa kati ya gunia la unga wa uji na dirisha lisilofunga, na jioni nywele zangu zilinuka moshi na maziwa. Mchungaji aliyeanzisha kazi ile aliniita siku moja tukinywa uji pamoja na watoto akasema, "Kuna kina mama huko Kericho wanafanya hii kazi yako. Wanakutana kila mwezi. Enda ukae na wao. Mimi kuomba Mungu najua, lakini kuomba wafadhili sijui."

Walikutana Jumamosi, orofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini. Chumba kilinuka rangi na misumari mipya. Kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa plastiki ya maua, viti visivyofanana, na thamosi kubwa za chai ya maziwa. Jina rasmi la umoja wetu lilikuwa Jukwaa la Wanawake Wachangishaji wa Ukanda wa Chai, lakini mjini watu walituita kina mama wa proposo, yaani barua za kuomba ufadhili, na jina hilo ndilo lililoshika. Kila mmoja alitafutia shirika lake fedha: mmoja wa visima, mwingine wa yatima, mwingine wa shule ya viziwi, na sote tulibisha milango ileile michache. Nilikwenda nikitarajia kufundishwa kuandika bajeti na kuongea mbele ya bodi. Mkutano wangu wa kwanza ulitumia karibu muda wake wote kujadili kama mandazi yanunuliwe kwa pamoja au kila mtu aje na yake. Kisha ikaanguka mvua ya mawe, kama inavyoanguka Kericho alasiri nyingi, ikapiga mabati mpaka hakuna aliyemsikia jirani yake. Wanawake wote walinyamaza wakaendelea kutafuna, isipokuwa Perpetua, aliyeendelea kuhutubia kana kwamba mawe yale yanapiga paa la mtu mwingine. Nilitazama midomo yake ikienda nikajiambia, huyu ndiye nimetumwa nikajifunze kwake.

Alikuwa amezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa, na Kikipsigis alikizungumza vizuri, na kutania kwacho, kuliko mimi niliyenyonya nacho. Kila aliyekuwa mdogo kwake alimwita nyathina, mtoto wangu, kwa Kijaluo chao. Hakuruhusu mtu kufungua ajenda kabla ya watu kula. "Mwanamke ambaye ako na njaa anaweka sahihi kitu chochote," alisema kila mwezi, kwa maneno yaleyale, na kila mwezi kuna aliyecheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Alikagua nguo zetu. Alinipigia simu alfajiri kuniuliza kama nimepiga pasi. Aliwahi kunirudisha msalani nikafute rangi ya midomo, kisha nilipotoka akaniuliza mbona uso wangu umekauka. Na mwisho wa mkutano ule wa kwanza, watu wakiwa tayari wameshika mikoba, akagonga meza kwa kijiko.

"Nyinyi wageni msikie. Hakuna mtu anaenda kuona mfadhili peke yake. Tunaenda wawili wawili. Chelangat, wewe utakuwa na Kwamboka."

Nikainua mkono. "Madam, Kwamboka ni wa shirika lingine."

"Najua."

"Na tunaomba kwa mfadhili mmoja. Nitaenda aje na mtu anataka pesa hiyohiyo?"

"Mtaenda tu."

"Lakini kwa nini?"

"Ni utaratibu," alisema, akajimiminia chai. Wanawake wengine waliinamia vikombe vyao. Niliona jinsi walivyoinama, nikadhani wanamwogopa yeye.

Sasa niseme juu ya Kwamboka, ambaye akisoma hii atanipigia. Familia yake ilihamia kutoka milima ya Kisii, naye alifanya kazi Roret, katika karakana iliyotengeneza viatu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Alitembea na kiatu kimoja kidogo ndani ya mkoba, cha ngozi ya kahawia, chenye chuma pembeni, na hakuna mahali alipoona hapafai kukitoa. Tulikwenda naye kumwona mgeni aliyekuja kutoka Nairobi kutafuta miradi ya kusaidia. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikaeleza umande, nikaeleza dada wanaokosa shule, mgeni akawa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kwamboka akasema, "Na mimi nina neno dogo tu," akatoa kiatu akakiweka kando ya kikombe cha yule mgeni. Mgeni alikishika, akakigeuza, macho yakamlowa. Pesa zikaenda Roret. Nilirudi Kimulot nikiwa nimevimba kwa hasira, na Jumatatu nikamrudisha mama mmoja mlangoni nikijua kwamba mtoto wake angekuwa ndani kama si kile kiatu. Nilipomlalamikia Perpetua aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani watoto wa Roret si watoto?" Nikamwambia hiyo siyo hoja yangu. "Basi hoja yako ni gani?" Kubishana naye kulikuwa kama kusukuma ng'ombe aliyelala. Hakukupinga, alibaki tu pale alipo.

Katikati ya mwaka alinipigia mtu ambaye nitamwita Bwana Mratibu. Jina lake silitaji hapa. Watoto wake wanaishi eneo letu, mmoja wao amemfundisha mwanangu hesabu, tena ni mwalimu mzuri, na jambo hilo nalo linanikera, kwamba hata baada ya miaka yote hii bado ni sisi tunaopima maneno. Yeye alisimamia mfuko uliosaidia miradi midogo katika ukanda wote wa chai. Sauti yake ilikuwa ya upole na ya haraka kidogo, kama ya mtu mwenye kazi nyingi anayekufanyia hisani. Alisema ameipenda kazi ya Kimulot. Alisema kuna uwezekano wa jengo zima, la mawe, lenye jiko la ndani. Kisha akasema, "Lakini huyo mama wa viatu usije naye. Anaongea mpaka mtu anasahau mradi ni wa nani." Hayo yalikuwa mawazo yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nilikubali kabla hajamaliza. Na sitasema leo kwamba nilikosea. Kumfuata mtu mahali alipokuita kikazi, mchana, na faili mkononi, si kosa la yeyote. Nimechoka na watu wanaosimulia visa vya namna hii wakianza na kile ambacho msichana angefanya.

Hakuniita ofisini. Aliniita nyumba ya wageni ndani ya shamba moja la chai, mahali pa zamani penye nyasi fupi na mahali pa moto palipojengwa kwa mawe. Mezani kulikuwa na kuku, viazi, saladi iliyokatwa vizuri. Tulikuwa peke yetu katika chumba chenye viti vya watu wengi. Nilifungua faili nikaanza kueleza. Alisikiliza kidogo, akalifunga kwa vidole viwili, akalisogeza upande wa chumvi. "Maneno ya karatasi nimesoma," alisema. "Sasa nataka kukujua wewe." Akauliza ninakaa na nani. Akauliza kama Kimulot hakuna baridi. Mkono wake ulikuja juu ya goti langu ukakaa pale kana kwamba ni wa kwake na goti pia ni lake, na kwa mkono wa pili akaweka ufunguo wenye kibao cha mti kando ya sahani yangu. "Huu mradi wenu unaweza kupita bila shida yoyote," alisema, kwa sauti ileile ya hisani. Nakumbuka nilitazama kuku. Nakumbuka niliwaza jiko la ndani. Kisha nikasimama, kiti kikaanguka, nikachukua faili nikatoka, naye hakunifuata wala hakupaza sauti. Aliendelea kula. Hiyo ndiyo sehemu iliyonitetemesha zaidi njiani, kwamba nilipogeuka mlangoni alikuwa anakata kuku.

Nilitembea katikati ya chai mpaka barabara kuu, viatu vyangu vya kukopa vikajaa tope jekundu. Kando ya barabara nikampigia Kwamboka, si kwa sababu nilimpenda, bali kwa sababu yeye ndiye mtu pekee ambaye angetakiwa kuwa nami. Nikamweleza. Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika, kwa sababu sikuwahi kumsikia amenyamaza.

"Chela," alisema mwisho, "uko salama?"

"Niko salama."

"Mimi aliniambia nina sauti nzuri. Akasema anataka kuisikia kwa karibu."

"Lini?"

"Kabla wewe ukuje."

"Kwa hivyo ulijua. Ulijua na hukuniambia."

"Si ndio maana tunaenda wawili," alisema, na nikakata simu, kwa sababu nilihisi nikibaki hapo nitairusha ndani ya mtaro.

Jumamosi iliyofuata sikungoja mandazi. Nilisimama nikasimulia yote, kuanzia saladi mpaka ufunguo, mbele ya meza yenye plastiki ya maua. Kisha nikauliza nani mwingine. Hakuna aliyeinua mkono, lakini nilizunguka na macho na nikaona: mmoja anakunja kona ya plastiki, mwingine anafuta kikombe kilicho safi, mwingine ameanza kulia bila sauti. Ilikuwa karibu nusu ya chumba. Nilimgeukia Perpetua. "Na utaratibu wako, Madam, ulikuwa wa huyu?"

"Ulikuwa wa huyu," alisema.

"Ungeniambia jina siku ya kwanza."

"Kama ungefuata utaratibu, jina halingekuwa na kazi."

"Utaratibu ambao hauna sababu ni kelele tu, Madam. Nilidhani ni mambo yako, kama ile ya pasi."

Nilitoka nje, nikashuka ngazi nusu, nikakaa pale kati ya makopo ya rangi nikilia kwa hasira. Juu, mlango ulikuwa wazi, na nilimsikia mhazini wetu akisema, "Huyu msichana atatuharibia. Mfuko ukifungwa tutaenda wapi?" Na nikamsikia Perpetua, taratibu, "Mwacheni. Ni haki yake kukasirika." Nilitamani asingesema hivyo. Ni rahisi zaidi kumchukia mtu ambaye hakuelewi.

Katikati ya wiki alikuja Kimulot mwenyewe, na gari la shirika lake, akaniambia nipande. Hakunieleza tunaenda wapi, na wakati huo nilikuwa nimechoka kuuliza. Tulikwenda mpaka upande wa Sigowet, kwenye boma moja lenye migomba, tukaingia chumba chenye joto ambamo mzee mmoja aliyekuwa dereva wa trekta alikuwa amelala, saratani imeshamla mpaka mashavu. Mkewe alimwinua. Perpetua akamimina dawa kutoka kwenye chupa ya kahawia, kijiko kidogo, akamshikia kidevu. Tukakaa. Mkewe akatuletea ugali, mboga za isagek na mursik, maziwa ya mgando, tukala kando ya kitanda, na polepole yule mzee akaanza kuzungumza. Aliulizia bei ya mahindi. Alimtania Perpetua kwamba Wajaluo hawajui kukamua ng'ombe. Mkewe alicheka huku akimkunjia blanketi miguuni, na akaniambia kwa Kikipsigis kwamba kabla ya dawa ile mzee alikuwa akilia mpaka majirani wakahamisha watoto wao wakalale kwingine.

Tulipotoka Perpetua aliegemea gari. "Hiyo chupa," alisema, "inanunuliwa na mfuko wa huyo mtu. Hiyo na ya wengine wote ninaotembelea. Akiamka vibaya kesho anaweka kalamu chini, na hawa watu wanaanza kulia tena. Sasa niambie, nyathina. Nimtaje?"

Nilimchukia kwa kuniuliza mimi. "Hukunileta nione mgonjwa," nilisema. "Umenileta unifunge mdomo."

"Nimekuleta uone ile kitu nabeba."

"Basi si ungeigawa? Wewe ndiye unatuambia twende wawili wawili. Mbona hii unaibeba peke yako?"

Alifungua mlango wa gari akaingia.

Kisha wiki zikapita bila kitu. Hakupiga simu ya alfajiri. Hakuja mkutano wa mwezi uliofuata, na bila yeye tulikaa tukitazamana, tukala, tukaenda nyumbani. Kwamboka alisema labda amekata tamaa. Mimi nilisema ametukimbia. Nilimwambia mchungaji kwamba nitaandika barua ya kuacha kazi, naye akaniambia ningoje mpaka mahindi yavunwe, ushauri ambao mpaka leo sijaelewa unahusiana na nini. Kumbe wakati wote huo Perpetua alikuwa akienda na kurudi kwenye hospitali ya misheni, akikaa kwenye benchi la wagonjwa kumngoja sista msimamizi, mpaka sista akakubali kwamba mfuko ukikata dawa, hospitali itawabeba wagonjwa wake kwa muda. Angeweza kutuambia. Ingemgharimu ujumbe mmoja wa simu. Nilimwambia hivyo baadaye, naye akasema hakutaka kutupa matumaini kabla ya wakati, na niliondoka mezani nisije nikatukana mtu mzima.

Alfajiri moja simu ikalia. "Vaa viatu vya maana. Tunaenda kwa bodi ya mfuko."

"Nani na nani?"

"Sisi wote."

Bodi ilitupokea katika chumba kirefu chenye picha za mameneja wa zamani ukutani na sahani za biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Bwana Mratibu hakuwepo. Walikuwa wamemwomba asije, na hilo pekee lilitufahamisha kwamba habari hazikuwa ngeni kwao. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ya kuchoka. Tulikuwa tumepanga Kwamboka aanze, kwa sababu ndiye mwenye mdomo. Aliinuka, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Alisimama pale ameshika mkoba kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa nimeomba mwaka mzima huyu mwanamke anyamaze, nilitamani aseme chochote, hata habari za viatu. Nikainuka nikasimama kando yake. Nikasimulia ya kwangu. Nilipomaliza, yule mwenzetu wa shule ya viziwi akasimama, akasimulia ya kwake. Akafuata mwingine. Kisha Kwamboka akasema sentensi moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia: "Na mimi, mara mbili, na mara ya pili alifunga mlango." Nilimshika mkono. Hiyo ya mlango alikuwa hajaniambia.

Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa nini hakuna mtu alileta haya mambo mapema?"

Perpetua aliinuka akakaza kitambaa chake kichwani. "Mimi nilijua," alisema. "Kwa muda mrefu. Msichana wa kwanza alikuja kwangu analia, nikamwambia asirudi huko peke yake. Wa pili nikamwambia hivyohivyo. Nikaona nimepata dawa, nikaiita utaratibu. Kumbe nilikuwa nalinda pesa ya wagonjwa wangu na hawa wasichana wote kwa pamoja, na hiyo haiwezekani. Kama mnataka mtu wa kuuliza kwa nini tulichelewa, msiulize hawa. Niulizeni mimi." Akakaa. Hakuna aliyemuuliza. Nilimtazama yule mama niliyemwona mkaidi na mwenye kelele, na kile nilichohisi hakikuwa huruma. Nilikasirika upya, kwa sababu alikuwa amesema kwa dakika moja kile ambacho angekisema juu ya chai na mandazi miezi mingi kabla, na kwa sababu nilijua ilivyomgharimu.

Mambo hayakuisha vizuri, wala hayakuisha vibaya kabisa. Bwana Mratibu hakufukuzwa. Alihamishwa kwenda kanda nyingine, na nilisikia kwamba aliagwa kwa keki. Mfuko ukafungwa kwa muda ili taratibu zikaguliwe, na wakati wa ukaguzi huo hakuna aliyepata kitu, si Kimulot, si Roret. Baadhi ya wanachama wetu walitulaumu waziwazi, na mhazini akaacha kuja. Hospitali ya misheni ilitimiza ahadi yake, ingawa kuna wiki ambazo dawa ilichelewa, na Perpetua alikwenda kukaa na wagonjwa wiki hizo, boma hadi boma, bila chupa, akiwashika tu mikono. Yule mzee wa Sigowet alikufa wiki ambayo dawa ilikuwepo. Kimulot hatukupata jengo la mawe. Wakulima wadogo wa pale walitupa banda lao la zamani la kukusanyia majani ya chai, tukaziba pande zake kwa mbao, na mwisho wa mwaka kuna kina mama niliowafungulia mlango badala ya kuwarudisha. Mfuko ulipofunguliwa tena mkuu wake alikuwa mwanamke, na mkutano wa kwanza alituita sote ofisini, mlango wazi.

Mara ya mwisho kumwona Perpetua ilikuwa kabla mvua hazijaanza. Ugonjwa aliouhudumia maisha yake yote ulikuwa umemgeukia, na alikuwa amelala chumbani kwake mjini, dirisha linalotazama ua wa jirani. Alinilaumu kwamba nimechelewa, kwamba nimenenepa, kwamba chai niliyompikia haina majani, katika nchi ambayo hatuna kingine ila majani. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza tangu mwaka ule, kwa nini hasa hakuniambia siku ile ya kwanza, nilipoinua mkono.

"Niliona haya," alisema.

"Haya ya nini, Mama? Wewe hukufanya kitu."

"Ndiyo hiyo," alisema. "Sikufanya kitu."

Niligundua nimemwita Mama, si Madam, na kwamba yeye pia amelisikia. Aliniambia mgongo unamuuma, nimgeuze upande wa ukuta, na niache kumshika kama yai. Nikaingiza mikono chini ya mabega yake nikamgeuza. Alikuwa mwepesi mno, yule mwanamke mkubwa, mwepesi kama nguo zilizoanuliwa, na hilo nalo lilinikasirisha.